Donge la damu kutoka goti hadi nyonga: tukubali matibabu ya katheta Nairobi, au tuendelee na dawa hapa Nakuru?

Mkaazi_wa_Njoro

Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri wa watu wanaoyafahamu mambo haya, na ningeshukuru sana mkinijibu kwa undani, kwa sababu uamuzi wenyewe unapaswa kufanywa kabla ya wiki hii kwisha.

Mdogo wangu ana umri wa miaka 31 na ni dereva wa lori la masafa marefu. Huchukua kontena katika bandari kavu ya Naivasha na kuzipeleka Malaba. Ijumaa iliyopita alirudi nyumbani akilalamika kwamba paja la kushoto linamuuma kwa ndani, nasi tukadhani ni msuli uliovutika kwa ajili ya kukaa muda mrefu kwenye usukani. Kufikia Jumapili mguu mzima ulikuwa umevimba kutoka kinena hadi vidole, ngozi imekaza na kung'aa, na ukiubonyeza kwa kidole kishimo kinabaki pale pale. Mama alitaka kuukanda kwa maji ya moto na chumvi, lakini jirani yetu ambaye ni mhudumu wa afya wa kijiji akamkataza na kutuhimiza tumpeleke hospitali usiku huohuo.

Hapa Nakuru alipigwa picha ya ultrasaundi ya Doppler, na ripoti ikasema kwamba kuna donge la damu lililoanzia katika vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) ya nyuma ya goti, likapanda vena ya paja na kuingia katika vena ya nyonga, ambako mwisho wake wa juu haukuonekana vizuri kwa sababu ya hewa iliyokuwa tumboni. Amelazwa, na anadungwa enoksaparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, mara mbili kwa siku chini ya ngozi ya tumbo. Anapumua vizuri na kifua hakimsumbui.

Daktari anayemtibu ametueleza njia mbili. Ya kwanza ni kuendelea na dawa za kuzuia damu kuganda, kwanza sindano kisha vidonge, kwa muda usiopungua miezi 3. Ya pili ni kupewa rufaa kwenda Nairobi, ambako madaktari bingwa wa radiolojia watapitisha katheta, yaani mrija mwembamba, ndani ya mshipa na kuimimina dawa ya kuyeyusha donge palepale lilipo. Hakutulazimisha. Alisema tu kwamba, kwa umri wake na kwa jinsi donge lilivyopanda juu, ni jambo la kufikiriwa, na kwamba likicheleweshwa sana litakuwa halina maana tena.

Ninachotaka kujua ni hiki: katheta inaongeza nini ambacho dawa peke yake haikifanyi? Mama amesikia kwamba dawa ya kuyeyusha inaweza kumfanya mtu atokwe na damu ubongoni, na tangu hapo hataki kusikia habari za Nairobi. Tena, je, ni salama kumsafirisha mtu mwenye donge la namna hii kwa ambulensi hadi huko?

Muuguzi_wa_Angio

Pole sana ndugu yangu, na mpe mama pole zangu. Mimi ni muuguzi katika chumba cha angiografia, yaani cha kupigia picha za mishipa ya damu, Nairobi, ingawa nyumbani ni Ahero, na nimewahudumia wagonjwa wengi wa aina hii. Nitakueleza jinsi shughuli yenyewe inavyokwenda. Suala la kama inamfaa mdogo wako nitawaachia madaktari, kwa maana linategemea mambo ambayo hayawezi kupimwa humu.

Sindano anazodungwa sasa haziyeyushi donge lililokwisha kuganda. Kazi yake ni kulizuia lisikue na kuzuia mengine yasifanyike, ili mwili wenyewe upate nafasi ya kuliyeyusha polepole kwa wiki na miezi. Kwa donge dogo la chini ya goti, mwili huifanya kazi hiyo vizuri. Donge refu lililoziba vena ya nyonga ni jambo jingine, kwa sababu damu yote ya mguu inapita hapo, na mara nyingi mwili hauwezi kulimaliza. Linabaki kama kovu ndani ya mshipa na kuziharibu vali zinazoizuia damu isirudi chini. Hata hivyo sindano hizo ndizo zinazomlinda asipatwe na donge la mapafuni, yaani kipande kikatike mguuni na kwenda kuziba mishipa ya mapafu, kwa hiyo dozi yoyote isirukwe kwa kisingizio cha kusubiri safari. Andikeni tu saa aliyopata dozi ya mwisho, kwa sababu tutaiuliza mara tu mtakapofika.

Siku ya matibabu mgonjwa hulazwa kifudifudi. Ngozi ya nyuma ya goti husafishwa na kutiwa ganzi, na daktari, akiongozwa na ultrasaundi, huichoma vena ya hapo kwa sindano nyembamba. Waya laini hupitishwa ndani ya sindano, sindano ikatolewa, na mrija ukafuata juu ya waya. Ni mbinu ileile aliyoieleza Sven-Ivar Seldinger wa Uswidi mwaka 1953, na hadi leo karibu kila kitu tunachokifanya katika chumba kile kinaanzia hapo. Kisha hudungwa dawa ya rangi yenye ayodini ili donge lionekane kwenye eksirei, na ndiyo sababu figo hupimwa kabla. Mgonjwa yu macho wakati wote, na wengi huzungumza nasi. Katheta yenyewe ina vitundu vingi ubavuni katika ile sehemu inayolala ndani ya donge, mithili ya mpira wa kunyunyizia bustani, na kupitia vitundu hivyo alteplasi, ile dawa ya kuyeyusha donge, humiminika taratibu kwa pampu.

Hapa ndipo ningependa mama asikilize. Mgonjwa mwenye donge kubwa la mapafu linalohatarisha maisha anaweza kupewa miligramu 100 za alteplasi kwenye mshipa wa mkono kwa saa 2. Katika katheta tunatumia takriban nusu miligramu hadi miligramu moja kwa saa, na dawa inaingia moja kwa moja ndani ya donge. Hatari ya kutokwa na damu haiishi, wala sitamdanganya mama kwamba imekwisha, lakini kiasi ni kidogo sana kuliko kile watu wanachokisikia.

Baada ya hapo hurudishwa wodini, mahali penye uangalizi wa karibu, akiwa na katheta yake nyuma ya goti, na kwa kawaida dawa huendelea kwa saa 12 hadi 24, mara nyingine zaidi. Haruhusiwi kuamka kitandani wala kuukunja mguu huo. Sisi tunamtazama alipochomwa, ufizi, rangi ya mkojo, shinikizo la damu, na tunamuuliza mara kwa mara kama kichwa kinamuuma. Hadungwi sindano yoyote ya msuli. Damu hupimwa kila baada ya saa chache, hasa himoglobini na fibrinojeni (protini inayoiwezesha damu kuganda), na fibrinojeni ikishuka chini ya miligramu 100 kwa desilita, dawa husimamishwa. Siku ya pili anarudi chumbani, picha inapigwa tena, na mabaki ya donge yanaweza kufyonzwa au kupanuliwa kwa puto. Vituo vingine vina vifaa vya kulivuta donge lote kwa mara moja, na kwa hivyo hutumia dawa kidogo tu au wasitumie kabisa. Waulizeni huko mnakopelekwa wana nini.

Kuhusu safari: wagonjwa wanaletwa kwa ambulensi kutoka Kisumu na mbali zaidi ya hapo. Cha muhimu ni awe tayari anatumia dawa ya kuzuia kuganda, alazwe mguu ukiwa umeinuliwa, na msiukande kabisa njiani.

Mwalimu_wa_Siaya

Mimi si mtaalamu wa tiba. Ninaandika kwa sababu donge kama hilo lilinipata mimi, mguu wa kushoto vilevile, na likapanda hadi nyonga vilevile. Nilitibiwa kwa wafarini, vidonge vya kuzuia damu kuganda, peke yake, kwa kuwa wakati ule hakuna aliyetaja katheta, na namshukuru Mungu kwamba donge halikwenda mapafuni. Wafarini iliniokoa maisha na sina neno baya juu yake.

Hata hivyo, ndugu wa Njoro, ni vyema ujue jinsi mguu unavyokuwa baada ya miaka. Asubuhi huwa mwembamba karibu sawa na mwenzake. Nikisimama darasani vipindi viwili mfululizo unaanza kuwa mzito, ndani ya shavu la mguu kunavuta kana kwamba ngozi haitoshi, na ifikapo saa nane mchana soksi imeacha mfereji ambao naweza kuulaza ncha ya kidole. Juu ya kifundo, upande wa ndani, ngozi imekuwa ya hudhurungi na ngumu, inawasha usiku, na mwaka jana ilipasuka penyewe ikawa kidonda kilichochukua miezi kupona, kwa kufungwa bendeji ya kubana kila wiki katika kituo cha afya. Sasa nimewekewa kiti kirefu darasani, na naandika ubaoni nikiwa nimeketi.

Mdogo wako ana miaka 31 na kazi yake ni ya kukaa akiwa amening'iniza miguu. Kwa mtu wa namna hiyo, mimi ningeuliza kwa bidii sana kama mguu unaweza kusaidiwa mapema.

Daktari_wa_Lolwe

Nimesoma yote yaliyoandikwa hapo juu na nayakubali, ila naona picha inaanza kuegemea upande mmoja, na familia hii inastahili kuzijua tarakimu kabla ya kuuza ng'ombe. Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani, nipo Kisumu. Simwoni mgonjwa, kwa hiyo maneno yangu yasichukue nafasi ya daktari wake.

Hali aliyoieleza Mwalimu, ya mguu kubaki mgonjwa baada ya donge, huwapata wagonjwa wengi: kati ya watu 100 wenye donge katika vena kubwa za mguu, 20 hadi 50 huipata kwa kiwango fulani ndani ya miaka miwili, ingawa si wote hufikia kidonda. Swali lililoshughulikiwa na watafiti kwa muda mrefu ni kama katheta inaizuia. Utafiti wa CaVenT nchini Norwe, wenye wagonjwa 209, ulitoa matokeo yake ya miaka miwili mwaka 2012: waliopata katheta pamoja na dawa, 41 kati ya 100 walikuwa na tatizo hilo, na waliopata dawa peke yake walikuwa 56 kati ya 100. Hiyo ni faida ya kweli, lakini tazama kwamba hata waliotibiwa kwa katheta wengi hawakuepuka. Kisha mwaka 2017 Marekani ikatoa utafiti mkubwa zaidi, ATTRACT, wa wagonjwa 692, na hapo tofauti ilipotea kabisa: 47 kwa 48 kati ya 100. Isitoshe, ndani ya siku 10 za kwanza, kutokwa na damu kwa kiwango kikubwa kuliwapata asilimia 1.7 ya waliotibiwa kwa katheta, na asilimia 0.3 ya waliopewa dawa peke yake. Utafiti wa CAVA wa Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2020, nao haukuonyesha tofauti ya kutegemewa.

Kama ningeishia hapo ningekwambia mbaki Nakuru. Lakini utafiti wa ATTRACT uliwachanganya watu ambao donge lao lilikomea pajani na wale ambao lilifika nyonga. Walipotazamwa peke yao wale wa nyonga, idadi ya waliobaki na tatizo la kiwango chochote ilikuwa karibu sawa kwa pande zote mbili, ila tatizo la wastani hadi kali liliwapata 18 kati ya 100 wa katheta na 28 kati ya 100 wa dawa pekee. Maumivu na uvimbe wa wiki za mwanzo pia vilipungua upesi zaidi. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba katheta itaurudisha mguu kama ulivyokuwa, ameahidi asichoweza kutoa. Akikuambia kwamba inapunguza uwezekano wa tatizo hilo kuwa kali, kwa mtu ambaye donge lake limefika nyongani, hilo lina ushahidi.

Ndiyo maana miongozo ya Uingereza inasema matibabu haya yafikiriwe kwa mgonjwa ambaye donge limefika nyonga, dalili zake hazijapita siku 14, alikuwa mzima mwenye nguvu kabla ya kuugua, anatazamiwa kuishi mwaka mmoja au zaidi, na hatari yake ya kutokwa na damu ni ndogo. Ndugu yako anaelekea kuingia katika fungu hilo. Siku hizo 14 si urasimu: donge bichi ni laini na dawa hupenya, lakini likikaa hugeuka nyuzi ngumu zilizoshikamana na ukuta wa mshipa, na alteplasi haipati cha kuyeyusha.

Kabla ya rufaa, mwambieni daktari ukweli wote kuhusu mambo haya, kwa maana madereva huyaficha: je, amewahi kugonga kichwa katika ajali miezi ya karibuni? Ana vidonda vya tumbo, au amewahi kupata choo cheusi? Shinikizo lake la damu likoje? Amefanyiwa upasuaji wowote hivi karibuni, au amewahi kupata kiharusi? Jibu moja la ndiyo linaweza kuifuta safari yote, na ni bora ifutwe Nakuru kuliko mezani Nairobi.

Jambo jingine ni la mguu wa kushoto. Ateri ya nyonga ya kulia hupita juu ya vena ya nyonga ya kushoto na kuikandamiza dhidi ya uti wa mgongo. Kwa watu wengi haina madhara, lakini kwa wengine mshipa hubanwa hadi ukawa mwembamba, na damu ikizembea hapo huganda. May na Thurner ndio walioueleza ubanaji huo mwaka 1957. Donge likishaondolewa ndipo hubainika, na mara nyingi huwekwa stenti, yaani kimrija cha wavu wa chuma kinachoushikilia mshipa, ili njia isifunge tena. Kijana mwenye donge la kushoto lililopanda hadi nyonga, asiyekuwa na sababu nyingine kubwa kuliko kukaa garini, mimi ningelifikiria hilo mapema.

Mwisho, na hili halisubiri siku 14 wala siku 2: mguu ukigeuka buluu iliyokolea, ukawa baridi, ukatoa malengelenge au ukafa ganzi, hiyo ni dharura ya kuunusuru mguu wenyewe. Mwiteni daktari saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Binti_wa_Mumias

Samahani kwa kuingia katika mada ya mwenzangu. Mama yangu ana miaka 74, ana kisukari na presha, na amegunduliwa donge katika shavu la mguu, chini ya goti. Baada ya kusoma haya nimeanza kujiuliza kama nasi tukope pesa tumpeleke Nairobi.

Daktari_wa_Lolwe

Hapana, dada yangu, msikope. Donge la chini ya goti halitibiwi kwa katheta. Hatari ya dawa ya kuyeyusha kwa umri wake na presha yake ni kubwa kuliko faida yoyote ambayo angeweza kuipata. Hakikisheni anapata dawa ya kuzuia kuganda kama daktari wake alivyoamua, anatembea ndani ya nyumba na halali kutwa, na anarudi kliniki kwa tarehe aliyopewa. Hayo ndiyo matibabu kamili kwake, wala hamjamnyima kitu.

Mfamasia_Eldoret

Mengi yamezungumzwa kuhusu siku mbili za katheta. Mimi ningependa kuzungumzia miezi inayofuata, kwa sababu ndiko ninakoona watu wakipoteza kile walichokipigania. Donge likiyeyushwa, hata stenti ikiwekwa, mgonjwa anatoka hospitalini na vidonge vya kuzuia damu kuganda, kwa angalau miezi 3 na mara nyingi zaidi. Akiviacha kwa sababu mguu umenywea na haumuumi, stenti inaweza kuziba, na kuizibua ni vigumu zaidi kuliko mara ya kwanza.

Kuna vidonge vipya kama rivaroksabani na apiksabani, ambavyo havihitaji kipimo cha damu cha kila mara, ila bei yake huwashinda wengi, na kuna wafarini, ambayo ni ya bei nafuu lakini inadai uangalifu. Mwenye kutumia wafarini hupimwa INR, kipimo cha damu kinachoonyesha inachelewa kuganda kiasi gani, ambayo kwa ugonjwa huu inatakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Chini ya hapo damu inaganda, juu ya hapo anaweza kutokwa na damu. Hapa katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi kuna kliniki ya wafarini inayosimamiwa na wafamasia tangu mwaka 2008, na tumeona wagonjwa wa vijijini kabisa wakiitumia dawa hiyo vizuri kwa miaka mingi, almuradi wapate mtu wa kuwaeleza.

Watu huambiwa wasile mboga za kijani. Hilo halitekelezeki katika nyumba zetu, wala si lazima. Sukuma wiki, managu, saga na kunde zina vitamini K nyingi ambayo hupunguza nguvu ya wafarini, kwa hiyo kinachotakiwa ni kula kiasi kilekile wiki baada ya wiki, na dawa itapimwa kulingana na chakula hicho. Anayeharibu mambo ni yule anayekaa siku kumi barabarani akila chipsi na nyama choma, kisha akirudi nyumbani anakula mboga kutwa mara mbili. Dereva wenu yumo hatarini hapo hasa.

Akiwa anatibiwa kifua kikuu, au anatumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, asione haya kumweleza daktari. Rifampisini hupunguza nguvu za wafarini na za vidonge vipya pia, na baadhi ya dawa za Ukimwi huingiliana navyo. Tena asinunue diklofenaki wala ibuprofeni dukani, na asikubali sindano ya makalioni ya maumivu ya mgongo, kitu ambacho madereva hukiomba kila wakisimama kituoni. Nimewahi kuona damu iliyovia katika kalio zima kwa ajili ya sindano moja ya namna hiyo. Kwa maumivu, parasetamoli katika kipimo cha kawaida ndiyo salama zaidi, naye amwambie anayemhudumia kliniki kwamba anaitumia.

Mkaazi_wa_Njoro

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nilimsomea mama maelezo ya muuguzi na ya daktari neno kwa neno, na kilichomtuliza ni zile tarakimu za damu kutoka, kwa sababu kwa mara ya kwanza alisikia mtu akikiri kwamba hatari ipo na kusema ni kubwa kiasi gani. Mdogo wangu aliulizwa yale maswali yote. Hakuwa amegonga kichwa, na shinikizo lake lilikuwa sawa. Tulipita kwanza katika ofisi ya SHA (bima ya afya ya serikali) ya hospitali kuuliza kuhusu kibali na kiasi ambacho sisi wenyewe tungelipa, kisha tukamhamisha kwa ambulensi.

Katheta iliwekwa siku ileile aliyofika. Kabla ya kuanza, muuguzi alichora mistari miwili kwa kalamu, mmoja katikati ya paja na mwingine katika shavu la mguu, akawa anaupima mzunguko kwa futi ya fundi cherehani kila zamu na kuandika kwenye karatasi iliyobandikwa kitandani. Usiku damu ilivuja kidogo kwenye bendeji ya nyuma ya goti. Wakakandamiza, wakapunguza kasi ya pampu, ikakoma. Asubuhi paja lilikuwa limepungua sentimita nne. Walipopiga picha tena, sehemu kubwa ya donge ilikuwa imekwisha, isipokuwa mabaki nyuma ya goti ambayo walisema watayaacha, na vena ya nyonga ilionekana imebanwa pale pale alipopataja Daktari wa Lolwe. Wakaipanua kwa puto na kuweka stenti. Sasa yuko nyumbani, anatembea hadi langoni na kurudi, na anatumia rivaroksabani kwa miezi iliyosalia kabla ya kumwona tena daktari.

Nina maswali mawili ya mwisho. Ameambiwa na wenzake anunue soksi ndefu za kubana ili mguu usiharibike. Je, ni lazima? Na bosi wake anataka kujua atarudi barabarani lini.

Daktari_wa_Lolwe

Nimefurahi mno kusikia hivyo. Kuhusu soksi, utafiti wa SOX wa mwaka 2014, uliokuwa na wagonjwa 806, haukuonyesha kwamba zinazuia tatizo la baadaye. Akiona zinampunguzia uzito na uvimbe wa jioni, azivae, na akiona zinamkera katika joto la huko Malaba, asijilazimishe.

Kuhusu kazi, tarehe itatolewa na daktari aliyeweka stenti baada ya kumpima kwa Doppler, na bosi asimharakishe. Atakaporudi, asiendeshe zaidi ya saa mbili bila kushuka na kutembea kuzunguka lori, anywe maji ya kutosha hata kama itambidi asimame mara nyingi, na vidonge vikae mfukoni mwake, visiachwe kwenye begi la turnboy, yaani msaidizi wake. Rivaroksabani ya miligramu 15 au 20 imezwe pamoja na chakula, la sivyo haifyonzwi ipasavyo. Hilo madereva hulisahau kwa kuwa hula saa zisizo na mpangilio. Kama mguu utavimba upya, au akapata maumivu ya kifua, pumzi kukatika au kukohoa damu, aegeshe gari na aende hospitali iliyo karibu, iwe ni Burnt Forest, Turbo au Webuye, na awaambie tangu mlangoni kwamba ana stenti katika vena ya nyonga na anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda.